Kwa nini kilima kikavu kina aina nyingi za uyoga kuliko bonde lenye unyevu?

Mpita Msituni ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina swali ambalo limenisumbua kwa misimu mitatu sasa, na naomba wenye ujuzi wa udongo au wa kuvu wanisaidie kulifikiri.

Kuna msitu wa asili ambao huutembelea kila baada ya siku kumi wakati wa mvua, nikiandika kila aina ya uyoga ninayoiona kwenye njia mbili zenye urefu sawa. Njia ya kwanza inapita mgongoni mwa kilima, ambako udongo ni wa kichanga chenye kokoto na hukauka siku mbili tu baada ya mvua kukatika. Njia ya pili inapita bondeni kando ya kijito, penye udongo mweusi wa mfinyanzi wenye rutuba, na hapo hata katikati ya kiangazi ukifukua kidogo unakuta ubichi. Nilitegemea bonde lishinde kwa mbali, maana kila mtu anajua kwamba uyoga hufuata maji. Imekuwa kinyume. Bondeni naona uyoga mdogo mdogo juu ya majani yanayooza, na mwingine wa kwenye magogo, lakini ule wa ardhini wenye miili mikubwa na rangi kali, nyekundu, njano, hata zambarau, karibu wote uko kilimani, na orodha ya kilimani ni ndefu kuliko ya bondeni kwa kiasi ambacho siwezi kusema ni bahati.

Kuna na jambo la pili linalonitatiza zaidi. Mwaka wa pili wa kuhesabu kwangu mvua ilikuwa haba, na kilima kilikuwa karibu kitupu msimu mzima, wakati bonde lilipungua kidogo tu. Nilihitimisha kwamba aina za kilimani zimekufa kwa ukame. Mwaka wa tatu mvua ilirejea, na zilirudi karibu zote, mahali palepale, kana kwamba hazikuwahi kuondoka.

Basi naomba kuelewa: ni udongo au ni maji yanayoamua aina ngapi za uyoga zitakuwepo mahali fulani? Na kama ni maji, kwa nini penye maji mengi ndipo penye aina chache?

Nyuzi za Chini amejibu:

Ndugu Mpita Msituni, asante kwa swali lililoandikwa kwa utulivu. Nitaanza na jambo lako la pili, kwa sababu ndilo jepesi, na jibu lake ndilo litakalotufungulia la kwanza.

Tunachokiita uyoga ni tunda tu la kiumbe ambaye mwili wake wote umo ndani ya udongo, gogo au mzizi. Mwili huo ni mtandao wa nyuzi nyembamba sana, ambazo hata mia moja zikilazwa ubavu kwa ubavu kwa kawaida hazizidi unene wa milimita moja. Mtandao huo unaweza kuishi miaka mingi bila kutoa tunda hata moja. Katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon nchini Marekani, kuvu moja ya jenasi ya Armillaria imeonekana kuenea chini ya takriban hekta 965, na umri wake unakadiriwa kuwa maelfu ya miaka, lakini mtu anayepita pale nje ya msimu hataona chochote cha kumwambia kwamba anakanyaga kiumbe kimoja kwa kilomita kadhaa.

Tunda lenyewe ni maji kwa takriban asilimia 90. Sehemu kubwa ya seli zake huwa imeshatengenezwa mapema ndani ya kifundo kidogo kama kichwa cha pini, na kinachotokea baada ya mvua ni seli hizo kuvuta maji na kuvimba, ndiyo maana uyoga huonekana umechomoza usiku mmoja. Tena, hata kazi ya kurusha spora, yaani chembe ndogo za uzazi za kuvu, hutegemea maji, kwa sababu katika uyoga mwingi wa kofia kila spora hurushwa na tone dogo mno la umande linalojikusanya kwenye kitako chake na kuungana ghafla na maji yaliyo ubavuni. Hewa ikiwa kavu, tone halijengeki na spora hairuki. Kuvu inayotoa tunda wakati wa ukame inapoteza mali yake bure, kwa hiyo hunyamaza chini na kusubiri. Aina zako za kilimani hazikufa, hazikuzaa.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka hifadhi ya La Chanéaz nchini Uswisi. Watafiti walihesabu uyoga kila wiki katika misimu 21 kati ya mwaka 1975 na 1999, kwenye viwanja vitano vyenye jumla ya mita za mraba 1,500. Walipata zaidi ya matunda 71,000 ya aina zaidi ya 400, lakini kulikuwa na mwaka uliowapa aina 18 tu na mwingine uliowapa 194, katika viwanja vilevile. Wingi wa uyoga ulikwenda pamoja na mvua ya Juni hadi Oktoba. Kwa hiyo tofauti kati ya mwaka wako wa pili na wa tatu ni kazi ya maji, na sioni haja ya kutafuta sababu nyingine.

Tofauti kati ya kilima na bonde ni habari tofauti kabisa, na hapo naomba uachane kidogo na mvua na utazame miti. Kuvu za msituni hupata riziki kwa njia kuu tatu: kuna waozeshaji wanaokula majani na mbao zilizokufa, kuna vimelea, na kuna zile zinazoshirikiana na mizizi ya miti hai, ushirika unaoitwa mikoriza. Uyoga mkubwa wa ardhini unaousimulia, hasa wa jenasi kama Amanita, Russula, Lactarius, Cantharellus na Boletus, kwa sehemu kubwa ni wa kundi hili la tatu. Kuvu hizo huvika ncha za mizizi ala ya nyuzi, huupa mti maji na madini, na kulipwa sukari. Bila mti hazina chakula. Nchini Uswidi watafiti waliwahi kubandua gome la misonobari kuzunguka shina lote ili sukari isishuke mizizini, na matunda ya kuvu hizo karibu yakatoweka kabisa, ingawa udongo na mvua vilikuwa vilevile kwa miti ya jirani ambayo haikuguswa.

Sasa tatizo ni kwamba si kila mti una mshirika wa aina hiyo. Miti mingi, pengine mingi zaidi kwa idadi ya spishi, inashirikiana na kundi jingine la kuvu linaloingia ndani ya seli za mzizi, na kundi hilo halitoi uyoga kamwe. Spora zake kubwa hubaki zimetapakaa udongoni. Msitu wa miti ya namna hiyo unaweza kuwa umejaa kuvu zinazofanya kazi usiku na mchana, na wewe ukapita juu yake na daftari lako bila kuandika kitu. Nashuku kwamba kilima chako kina miti yenye ala mizizini, na bonde lako lina miti ya kundi hili jingine. Huo ndio mpangilio unaoonekana kwenye miombo, ambako miti ya Brachystegia na Julbernardia inayosimama juu ya udongo maskini ina ala hizo mizizini, na msimu wa mvua chini yake hutoa uyoga wa rangi zote. Na ndivyo ilivyo pia katika bonde la Kongo penye mapori ya mti mmoja, Gilbertiodendron dewevrei, katikati ya msitu wa mchanganyiko ulio na ushirika wa aina ile nyingine.

Kabla sijasema zaidi, naomba ufukue mizizi myembamba pande zote mbili, uisafishe kwa maji taratibu na uitazame kwa kioo cha kukuza. Ncha zilizovimba, fupi, zisizo na vinyweleo vya kawaida, zenye rangi nyeupe, njano, kahawia au nyeusi, ni dalili ya ala. Mizizi laini isiyo na ala itakuwa imenijibu pia.

Mpima Udongo amejibu:

Nakubaliana na Nyuzi za Chini kuhusu miti, lakini sikubaliani na namna alivyogawa kazi, kwamba maji yanaamua wakati na miti inaamua aina, kana kwamba udongo umekaa pembeni ukitazama. Nani aliyeipanda miti ile kilimani na si bondeni? Udongo ule maskini ndio ulioichagua, na udongo ule umekuwa maskini kwa sababu ya maji. Mvua ya miaka elfu na elfu imeosha chembe laini na madini kutoka mgongoni mwa kilima na kuyashusha bondeni. Kichanga na kokoto ndivyo vilivyobaki juu. Mfinyanzi na rutuba vimejikusanya chini. Maji aliyoyapima muuliza swali kwa siku kumi kumi ni yaleyale yaliyounda tofauti anayoishangaa, ila kwa saa nyingine.

Mahali ambapo naitrojeni na fosforasi hupatikana kwa shida, na nyingi zimefungwa ndani ya mboji, mti wenye kuvu za ala una faida, kwa sababu baadhi ya kuvu hizo zina uwezo wa kuing'oa naitrojeni kutoka kwenye mabaki ya viumbe. Mahali penye rutuba ya kutosha faida hiyo hupungua, na mti hauna sababu ya kulipa sukari nyingi. Tunalijua hili kwa uchungu kutokana na uchafuzi wa hewa. Uholanzi, nchi yenye mifugo mingi na mvuke mwingi wa amonia, ilishuhudia katika karne ya 20 kupungua kukubwa kwa uyoga wa ushirika wa mizizi, ukiwemo Cantharellus cibarius, wakati waozeshaji hawakupungua kwa kiasi hicho. Watafiti walipokwangua tabaka la juu la majani na mboji lililojaa naitrojeni katika baadhi ya misitu ya misonobari, aina za uyoga ziliongezeka. Huko Alaska nako, karibu na kiwanda kimoja cha mbolea kilichokuwa kikitoa amonia, aina za uyoga wa mizizi zilipungua kadiri mtu alivyokaribia kiwanda. Mvua haikuhusika hata kidogo katika mifano hii. Kwa mkulima rutuba ni neema. Kwa uyoga huu, mara nyingi ni adui.

Sasa maji yenyewe. Ndugu, unaposema bonde lina "maji mengi", unapima kwa kidole, na kidole hakiwezi kupima anachokiona uzi wa kuvu. Mfinyanzi una vitundu vidogo mno kati ya chembe zake, na maji yaliyomo ndani yake yameshikwa kwa nguvu. Udongo wa mfinyanzi ulio na ubichi unaoonekana unaweza kumpa kiumbe maji kidogo kuliko kichanga chenye maji machache lakini yaliyo huru. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba vitundu hivyo vikijaa maji hewa haina pa kupita, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole takriban mara 10,000 kuliko ndani ya hewa. Kuvu nyingi za uyoga zinahitaji oksijeni ili ziishi. Bonde linalotuama maji kwa wiki kadhaa huzinyima pumzi nyingi kati yake, na zinazobaki ni zile chache zilizozoea hali hiyo au zinazoishi juu ya gogo, juu ya usawa wa maji. Kilima chako kinachokauka siku mbili baada ya mvua kina kasoro moja, kiu. Lakini hakikosi hewa. Na kiu kuvu huivumilia vizuri kuliko tunavyodhani, kwani nyingi zinaendelea kukua katika ukavu ambao mimea tayari imenyauka. Kinachodai maji mengi ni kuzaa tunda, kama ilivyokwisha elezwa.

Usisahau pia tindikali na chokaa. Uyoga wa thamani unaoishi chini ya ardhi, Tuber melanosporum, unadai udongo wa chokaa wenye pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali ikizidi) ya karibu 7.5 hadi 8.5 na unaopitisha maji vizuri, ilhali Cantharellus cibarius hupendelea udongo wenye tindikali. Mwamba ukibadilika kutoka mawe ya mchanga hadi chokaa, orodha ya uyoga inaweza kubadilika ndani ya hatua chache chini ya miti ileile na mvua ileile. Hata hivyo nisitie chumvi: katika shamba la majaribio la Rothamsted, Uingereza, kuna ukanda ambao pH yake inapanda kutoka 4.0 hadi 8.3 ndani ya mita mia mbili hivi, na huko bakteria walibadilika sana kwa pH, lakini idadi ya aina za kuvu iliathirika kidogo tu. Ule ni udongo wa kilimo, si wa msitu. Lakini unatufundisha kutofautisha mambo mawili ambayo swali lako limeyachanganya, yaani aina ngapi zipo na ni aina zipi. pH inaweza kubadilisha majina yote kwenye orodha bila kubadilisha urefu wake.

Gogo Bichi amejibu:

Samahani wakubwa zangu, mmekubali haraka mno kwamba bonde ni maskini. Mimi naona bonde halijahesabiwa.

Muuliza swali anasema bondeni kuna "uyoga mdogo mdogo" na "mwingine wa kwenye magogo", kisha anaupita. Humo ndimo aina zilimojificha. Waozeshaji wa majani, kama vile Marasmius na Mycena, wana kofia zenye upana wa milimita chache, na baadhi husinyaa mchana na kufufuka usiku kukiwa na umande, kwa hiyo anayepita saa nane mchana hawaoni. Kuvu nyingine zinazaa upande wa chini wa gogo, kama ganda jembamba lililoshikamana na mbao, na hakuna atakayeziona bila kulipindua gogo na kulirudisha lilivyokuwa. Gogo kubwa lililooza hunyonya maji kama sifongo na kuyatunza muda mrefu baada ya ardhi kukauka, na kila hatua ya kuoza ina wapangaji wake: wanaokuja mbao zikiwa bado ngumu si wale wanaokuja zikiwa zinavunjika kwa vidole. Bonde lenye magogo manene ya umri tofauti lina nyumba nyingi, ingawa udongo wake wenyewe hauzai uyoga mkubwa. Hii pia ndiyo sababu bonde lako lilipungua kidogo tu mwaka wa ukame.

Nina swali dogo la pembeni: je, kilimani kuna vichuguu? Kuvu za Termitomyces zinalimwa na mchwa ndani ya vichuguu, katika hewa yenye unyevu ambao mchwa wenyewe wanausimamia, na hutoa uyoga nje mvua zinaponyesha. Aina moja yake, Termitomyces titanicus, kofia yake inaweza kufikia upana wa karibu mita moja. Ukiiona hiyo kwenye orodha yako ya kilimani, usiihesabu kuwa kazi ya kichanga. Udongo wake ameutengeneza mchwa.

Mpita Msituni amejibu:

Nawashukuru wote, na naona aibu kidogo kuhusu magogo, kwa kuwa ni kweli sikuyapindua hata moja. Vichuguu viko viwili, na uyoga wake niliuandika pamoja na mwingine, nitautenganisha.

Wiki hii nilifanya alichoniagiza Nyuzi za Chini. Nilichukua mizizi katika sehemu kumi kila upande, kwenye sentimita kumi za juu za udongo. Kilimani karibu kila sampuli ilikuwa na ncha zilizovimba: nyingi nyeupe au za kahawia, chache za njano, na katika sehemu nyingi kulikuwa na ncha nyeusi ti kama makaa, zenye vijinywele vigumu vilivyosimama. Bondeni mizizi ilikuwa laini isiyo na ala, isipokuwa sehemu moja tu. Hapo kuna miti michache ya namna ileile ya kilimani, ambayo sikuwahi kuizingatia kwa sababu ilikuwa imezama kati ya mingine, na nilipofungua daftari langu la miaka mitatu niligundua kwamba uyoga mkubwa wa ardhini niliowahi kuuona bondeni, ambao haukuwa mwingi, wote niliuandika ndani ya hatua ishirini za mahali hapo.

Nakiri kwamba nilikaa chini kwa muda. Lakini jambo hili limeniletea swali jipya. Miti hiyo michache ya bondeni ina ala, ina maji, na ina udongo wenye rutuba, na bado chini yake aina ni chache kuliko chini ya miti ya aina hiyohiyo kilimani. Je, huo ni udongo, au ni kwa vile miti yenyewe ni michache? Na zile ncha nyeusi ni za uyoga gani? Sijaona kitu cheusi cha namna hiyo juu ya ardhi.

Nyuzi za Chini amejibu:

Hutakiona kamwe. Kwa maelezo yako, ncha nyeusi zenye nywele ngumu zinafanana sana na Cenococcum geophilum, kuvu inayopatikana karibu pote duniani penye miti ya ushirika huu, inayovumilia ukame kuliko wenzake wengi, na ambayo haijulikani kutoa uyoga wowote. Huenda ndiyo iliyo nyingi kuliko zote kwenye kilima chako na haitaingia kwenye orodha yako hata ukihesabu miaka mia. Hali ya kinyume ipo pia: katika misitu ya misonobari ya California, mwaka 1996 watafiti walilinganisha uyoga wa juu na ncha za mizizi ya chini kwa kutumia vinasaba, na wakakuta kwamba Suillus pungens, aliyejaza ardhi kwa matunda yake, alishika sehemu ndogo tu ya mizizi, wakati Russula amoenolens, aliyeonekana kwa nadra juu, alikuwa miongoni mwa wenye nyumba huko chini. Kwa hiyo kila unapoandika neno "aina", kumbuka umeandika aina zilizoamua kuzaa siku hiyo.

Namrudia Mpima Udongo, ambaye amenirekebisha kwa haki. Nilitenga maji na udongo kwa wepesi uliopita kiasi. Hata ndani ya siku moja haviachani: miti yenye mizizi mirefu huvuta maji ya chini sana na usiku huyavujisha kwenye udongo mkavu wa juu, na imeonekana kwamba maji hayo hufika hadi kwenye nyuzi za kuvu na hata kwenye uyoga unaochomoza wakati wa ukame. Kilima chako kinaweza kuwa na maji ambayo mvua haikuyaleta msimu huo.

Kuhusu kisiwa chako cha miti ya bondeni, sababu zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja, na hazitatenganishwa kwa kuendelea kulinganisha njia hizo mbili peke yake. Kundi dogo la miti lililozungukwa na miti mingine ni kama kisiwa: spora nyingi zinazotua humo haziangukii mzizi unaozifaa. Ukitaka kujua sehemu ya udongo, tafuta kundi dogo kama hilo lililojitenga kilimani, kwenye kichanga, na ulilinganishe na la bondeni kwa ukubwa uleule. Likiwa na aina nyingi kuliko la bondeni, udongo una neno lake. Zikilingana, ilikuwa idadi ya miti.

Mpima Udongo amejibu:

Naongeza machache ya vitendo kisha niwaachie. Pima pH kwa kuchanganya udongo na maji safi, sampuli tano kila kundi, na uzichukue chini ya tabaka la majani, si ndani yake, kwa sababu tabaka hilo lina kemia yake. Pima unyevu kwa mizani: pima udongo mbichi, ukaushe kwenye joto la nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, upime tena. Lakini usilinganishe asilimia ya kichanga na ya mfinyanzi moja kwa moja, kwa sababu niliyoieleza. Linganisha kila udongo na wenyewe, wiki hadi wiki, na uone uyoga hutoka siku ngapi baada ya kiwango kupanda.

Matokeo ya mahali pako usiyafanye sheria ya dunia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya udongo kutoka sehemu 365 katika mabara mbalimbali, ulikuta kwamba kwa kipimo cha dunia nzima tabia ya nchi ndiyo inayotabiri vizuri zaidi wingi wa aina za kuvu, na sifa za udongo zinafuata. Tena makundi mengi ya kuvu yana aina nyingi zaidi kwenye tropiki, ilhali kuvu za ala za mizizi zina aina nyingi zaidi katika maeneo ya baridi. Wewe una kilima kimoja na mvua moja. Ndani ya mvua moja ni kawaida udongo uonekane kuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa mvua haina nafasi ya kutofautiana.

Na tafadhali simama kwenye njia yako, usitawanyike ovyo chini ya miti. Wale wa La Chanéaz walichunguza pia athari za kuchuma na kukanyaga kwa miaka mingi. Kuchuma uyoga hakukupunguza mavuno ya baadaye, lakini pale palipokanyagwa uyoga uliotoka ulikuwa mchache. Weka mbao za kusimamia pembeni mwa kila kundi kabla msimu haujaanza.

Mpita Msituni amejibu:

Nimepata kundi la miti sita kilimani, limezungukwa na vichaka visivyo na ala mizizini. Lile la bondeni lina miti saba. Mbao nitaziweka kesho kutwa. Gogo Bichi, nilipindua gogo moja la bondeni kabla ya kuondoka, nikakuta chini yake maganda ya rangi nne tofauti ambayo sijui hata pa kuanzia kuyatambua, kwa hiyo naomba uniambie kama nifungue uzi mwingine kwa ajili hiyo au niyaweke hapahapa.

Gogo Bichi amejibu:

Fungua mwingine. Utahitaji nafasi.